Ufunguo wa Maabara Uko kwa Nani?

Fomu ya kujiunga na shule ya bweni hueleza kwa kirefu vitu ambavyo mwanafunzi anatakiwa kwenda navyo: godoro, mashuka, ndoo, jembe, fagio, sahani na kikombe, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vya kamba. Mzazi huingia dukani na orodha hiyo mkononi, akitia alama kimoja kimoja mpaka tranka linajaa. Orodha ya pili, ile ya vitu ambavyo mwanafunzi atavikuta shuleni na ana haki ya kuvitumia, hakuna anayempa. Ndiyo maana wapo vijana wanaomaliza miaka minne ya bweni bila kuazima kitabu maktaba, bila kushika bureti mpaka wiki ya mtihani wa vitendo, na bila kujua kwamba mwalimu wa ushauri na unasihi ana ofisi na saa za kupokea watu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wazazi wao waliuza mbuzi na mahindi ili wao wafike pale.

Nawaandikia vijana wa Tanzania wanaofunga tranka kwenda kuanza kidato cha kwanza au cha tano, na wazazi wanaowasindikiza stendi. Nimefundisha bweni na kulea klabu za wanafunzi kwa muda mrefu, na ninaloliamini ni hili: katika shule nyingi vitu vipo, ila vimefungiwa, na klabu ndiyo njia ya heshima ya mwanafunzi kuufikia ufunguo.

Kufuli ina sababu zake. Mwalimu aliyekabidhiwa maabara ametia saini kwenye leja ya vifaa. Pipeti ikivunjika, atakayeulizwa ni yeye. Mwanafunzi mmoja akimfuata saa 10 jioni na kusema, "Mwalimu, naomba kuingia maabara," ombi hilo linamletea maswali mengi kwa mpigo. Nani atamsimamia? Ataingia na nani? Atatoka saa ngapi? Akipasua kitu, atalipa nani? Jibu jepesi ni kukataa, hata kwa mwalimu mwenye moyo mzuri. Sasa ombi hilo hilo lije na majina ya wanafunzi 15, siku moja ya wiki inayojulikana, saa ya kuingia na ya kutoka, mwalimu mlezi aliyekubali kuwepo, na daftari la kuandika kilichotolewa na kilichorudishwa. Maswali yote yamejibiwa kabla hayajaulizwa. Ndivyo ilivyo pia kwa maktaba, chumba cha kompyuta, ukumbi, jezi za michezo, hata robo ekari ya shamba la shule.

Wazo la mwanafunzi kukabidhiwa kitu na kukisimamia si geni kwetu. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe jumuiya inayojitegemea, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya miradi yao. Kwa maoni yangu shule nyingi zilibaki na jembe, zikaiacha sehemu ya kuamua. Klabu inayoendeshwa vizuri huirudisha.

Wiki mbili za kwanza zitumie kuwajua watu. Kila mgeni hujifunza haraka ratiba ya kengele na jina la mwalimu wa zamu, lakini watu wenye funguo ni wengi zaidi ya huyo: fundi sanifu wa maabara, mtunza stoo, mhasibu, muuguzi wa zahanati ya shule, matroni au patroni wa bweni, mwalimu wa michezo, mwalimu wa taaluma ambaye mara nyingi ndiye mwenye kabati la mitihani iliyopita. Andika nyuma ya daftari jina la kila mmoja, ofisi yake, na saa anazopatikana. Mwendee ukiwa nadhifu, msalimie, sema jina lako, kidato na bweni, kisha uliza jambo moja tu: "Shikamoo mwalimu. Naomba kujua maktaba hufunguliwa siku zipi." Mwanafunzi aliyejitambulisha siku ambayo hana shida husikilizwa upesi siku anapokuwa na shida. Wapishi na walinzi nao wasalimie. Wanaijua shule kuliko viranja.

Baada ya hapo, ushauri wangu kwa karibu kila mgeni ni ajitolee maktaba. Mara nyingi maktaba ya shule hukabidhiwa mwalimu wa Kiswahili, Kiingereza au Historia mwenye vipindi vyake vya kufundisha, na hiyo ndiyo sababu mlango hufungwa muda mwingi. Wakipatikana wanafunzi sita wa kusaidia kwa zamu, chini ya mwalimu huyo, mlango unaweza kuwa wazi kila siku kuanzia saa 10 jioni hadi saa 12. Kazi yenyewe ni ndogo na ina utaratibu: leja yenye namba ya kitabu, jina la kitabu, jina la mwazimaji, kidato, bweni, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi na saini; gundi na karatasi ngumu kwa vitabu vilivyochanika majalada; na Jumamosi moja kila mwezi ya kupita mabwenini kukumbusha waliochelewesha. Anayefanya kazi hii kwa muhula mmoja atajua kilichomo kwenye kila rafu. Atagundua vitabu vya zamani vya Hisabati vyenye mazoezi mengi kuliko vipya, atlasi ambayo hakuna aliyeifungua kwa muda, na kamusi kubwa iliyosukumwa nyuma ya magazeti.

Kazi hiyo pia itamfikisha kwenye kitu ambacho wanafunzi wengi hawakijui. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Humo hueleza swali lilitaka nini, waliofanya vibaya walikosea wapi, na huonyesha sampuli za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Kwangu taarifa moja ya namna hiyo ina faida kuliko vitabu vitatu vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi. Zipo kwenye tovuti ya Baraza, na Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Kama shule ina chumba cha kompyuta, klabu ya somo iombe saa moja kwa wiki ya kuzisoma kwa pamoja. Kama haina, mzazi mmoja anaweza kuchapisha nakala moja wakati wa likizo, ikawekwa maktaba na kuandikwa kwenye leja kama kitabu kingine chochote.

Nakala moja ya kitabu cha fasihi ikisomwa na watu arobaini nayo huhitaji mbinu, na hapo klabu ya maigizo inafanya kazi ambayo darasa haliiwezi. Chukua Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, tamthilia ambayo kizazi baada ya kizazi cha sekondari kimeisoma. Darasani huishia kuwa orodha ya dhamira na wahusika ya kukariri. Ikipandishwa jukwaani, yule aliyecheza Mzee Mitomingi, akazichukua karatasi za karani wa sensa, Ngoswe, na kuzitia moto mbele ya shule nzima, hahitaji tena kukariri kwa nini kazi ya serikali iliharibika kijijini pale. Aliyecheza Mazoea, binti wa mzee huyo, ataweza kumtetea kwenye mtihani kwa hoja zake mwenyewe. Maandalizi hayahitaji fedha: khanga mbili, meza moja, karatasi chakavu, na nakala ya mchezo iliyonakiliwa kwa mkono, kila mhusika akiandika maneno yake na ya anayemtangulia.

Kwenye mdahalo nitakaa kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nimewaona vijana wakibadilika zaidi, na hapo hapo nimewaona wakinyamazishwa. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Mdahalo wa kila wiki ungekuwa mahali pa kuizoea lugha hiyo. Kinachouharibu ni kicheko. Mtoto akikosea kitenzi, ukumbi mzima ukapiga kelele, huyo hatasimama tena mpaka amalize kidato cha nne, na wenzake kumi waliokuwa wakijiandaa kusimama watakaa naye. Kwa hiyo klabu ya mdahalo yenye nia njema ianze na kanuni moja ya maandishi: anayecheka kosa la lugha la msemaji anatoka nje, hata akiwa kiranja. Mwenyekiti aitekeleze mara ya kwanza tu, na ukumbi utajifunza.

Kanuni ya pili ni ngazi ya majukumu. Mwanafunzi mwenye aibu asipewe dakika tano za kuzungumza siku ya kwanza. Aanze kama mtunza muda, ambaye sentensi yake ni moja tu, kwamba imebaki dakika moja. Baada ya wiki kadhaa awe katibu, aandike hoja za pande zote mbili na kuzisoma mwishoni. Hapo atakuwa amesoma kwa sauti mbele ya watu mia tatu maneno aliyoyapanga mwenyewe. Kisha awe msemaji wa tatu, anayejibu hoja moja ya upande wa pili. Akifika msemaji mkuu, hatakumbuka alianza kuzoea lini.

Hoja zenyewe nazo zichaguliwe kwa makini. Zile za kila mwaka, kama elimu na fedha kipi bora, au baba na mama nani zaidi, hazina cha kutafuta. Kila mtu anakuja na methali zake tu. Chagueni hoja inayomlazimu msemaji kwenda kuuliza na kuhesabu: kwamba shule ipande miti ya kuni badala ya kununua kuni, kwamba prepo (kipindi cha kujisomea) ya Jumamosi ifutwe, kwamba shamba la mahindi ligeuzwe bustani ya mboga. Msemaji itabidi amfuate mtunza stoo kujua magunia mangapi huliwa kwa mwezi, na mpishi kujua mzigo wa kuni unakaa siku ngapi. Pande zigawanywe kwa kura siku mbili kabla, ili kila mtu ajifunze kutetea hata asichokipenda. Nimeona hoja ya namna hii ikipelekwa kwenye baraza la shule na kujadiliwa kwa uzito, kwa sababu ilikuja na hesabu.

Sasa maabara. Wengi hudhani klabu ya sayansi haiwezekani bila kemikali nyingi, na mwalimu wa Kemia ana haki ya kuzitunza kidogo alizonazo kwa ajili ya mitihani. Anzeni na choya. Nunueni choya kavu sokoni, ile inayotengenezewa juisi, muichemshe kwa maji kiasi na kuyachuja. Mtapata maji mekundu sana. Yagaweni kwenye glasi nne. Ya kwanza iacheni kama ilivyo. Ya pili kamulieni ndimu, na wekundu utang'aa zaidi. Ya tatu tieni maji ya magadi, nayo rangi itageuka kuelekea kijani. Ya nne tieni maji ya sabuni ya kipande, mlinganishe na ya tatu. Halafu endeleeni na siki, maji ya majivu yaliyochujwa, maji ya bomba, maji ya kisima. Mmoja achore jedwali: kitu, rangi kabla, rangi baada, asidi au besi. Mada ya asidi na besi ambayo darasani ilikuwa maneno ya Kiingereza ubaoni sasa ina rangi na harufu. Kanuni ni mbili tu: hakuna kuonja, na vyombo vya maabara havirudi bwalo la chakula.

Klabu ikifanya hivyo kwa mwezi, na leja ikaonyesha hakuna glasi iliyopotea, barua ya kuomba kutumia bureti na pipeti ina mahali pa kusimama. Hata wakipewa maji matupu, wanafunzi wajifunze kusoma mstari wa chini wa mpindo wa maji, kufungua bomba la bureti tone kwa tone, kurudia mara tatu na kutafuta wastani. Mkono wa mtihani wa vitendo hautengenezwi kwa wiki moja ya mwisho.

Na kutoka hapo swali kubwa linaweza kuzaliwa. Kwa nini upande mmoja wa shamba la shule mahindi hudumaa? Je, maji ya kisima na ya bomba huotesha mbegu sawasawa? Young Scientists Tanzania, mpango ulioanza 2011 na kufanya maonyesho yake ya kwanza ya kitaifa 2012, hupokea kazi za namna hii kutoka kwa wanafunzi wa sekondari wakiongozwa na mwalimu wao. Wanachotaka kuona ni swali linaloweza kuchunguzwa, namna mlivyolichunguza, takwimu mlizopata, na maelezo mliyoyaandika wenyewe. Shule isiyo na maabara ya kifahari inaweza kusimama pale.

Mitandao mingine nitaipitia kwa haraka. Roots & Shoots ilianzia Dar es Salaam 1991, pale wanafunzi 12 walipokutana nyumbani kwa mtafiti wa sokwe Jane Goodall kuzungumza juu ya mambo yaliyowasumbua kwenye maeneo yao; klabu zake na zile za Malihai zinafaa sana shule zilizo karibu na misitu au hifadhi. Skauti hufundisha nidhamu na huduma ya kwanza. Klabu za Fema hujadili afya na maisha ya vijana, na klabu za wapinga rushwa hupata msaada wa maofisa wa TAKUKURU wa wilaya. UMISSETA huwachukua wenye vipaji vya michezo na sanaa kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa, kwa hiyo mwimbaji wa kwaya asidhani ni ya wacheza mpira peke yao. Vikundi vya dini, kama UKWATA, TYCS na TAMSYA, huwapa wengi familia ya pili mbali na nyumbani. Angalia tu visikule Jumamosi na Jumapili yote mpaka nguo zako zikose kufuliwa.

Utachaguaje? Usitazame ubao wa matangazo, kwa kuwa unaweza kuwa na majina ya klabu kumi na mbili na zinazokutana zikawa tatu. Mtafute katibu, umwombe akuonyeshe daftari la kumbukumbu. Mkutano wa mwisho ulikuwa lini? Walihudhuria wangapi? Walikubaliana nini, na kilifanyika? Klabu isiyo na daftari haipo, hata kama ina mwenyekiti mwenye beji. Kisha chagua moja ya kukupa ujuzi na moja ya kukupa furaha. Mbili zinatosha. Siku ya bweni ina usafi wa alfajiri, paredi, vipindi, foleni ya chakula, foleni ya maji, kufua, na prepo ya usiku. Kinachobaki ni muda mfupi wa jioni na sehemu ya Jumamosi. Anayejiandikisha klabu tano huwa mgeni katika zote.

Kama klabu unayoitaka haipo, ianzishe. Anza na wenzako wasiopungua watano walio tayari kufanya kazi. Tafuteni mwalimu mlezi kabla ya kumwandikia mkuu wa shule. Walimu wa mazoezi kutoka vyuoni huja na ari kubwa na wanafaa kusaidia, lakini huondoka baada ya wiki chache, hivyo mlezi awe mwalimu wa kudumu. Msimfuate mwenye majukumu mengi kwa sababu tu ana jina; mwalimu kijana anayeishi ndani ya shule ana jioni zake karibu.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Juu kulia anwani ya shule na tarehe, chini yake kushoto "Mkuu wa Shule", kisha "K.K. Mwalimu Mlezi", kwa kuwa barua isiyopita kwake inamvunjia heshima na itarudishwa. Kichwa cha habari kiseme waziwazi: "YAH: OMBI LA KUANZISHA KLABU YA SAYANSI". Aya ya kwanza iseme mnaomba nini. Ya pili iseme mtakutana lini, wapi, na mtafanya nini katika wiki sita za kwanza, wiki kwa wiki. Ya tatu iseme mnaomba kutumia nini na nani atawajibika nacho. Ambatisheni majina, vidato na saini. Msiombe fedha katika barua ya kwanza. Mkuu wa shule akikaa kimya wiki mbili, mwalimu mlezi amkumbushe, msimsimamishe njiani.

Kuhusu fedha niseme kwa ukali kidogo. Kiongozi wa klabu asikusanye mchango wa aina yoyote na kuuweka kwenye tranka lake. Michango shuleni ina taratibu zake, na jambo dogo la shilingi mia tano kwa kila mtu limewaharibia vijana wazuri majina. Kikihitajika kitu, mwalimu mlezi aombe kibali, fedha zipokelewe na mhasibu, risiti ibandikwe kwenye daftari la klabu. Bora muhula wote mkatumia choya na karatasi chakavu kuliko kushika fedha za wenzenu bila risiti.

Lipo pia jambo la usalama. Kikundi kinachowaita wageni usiku baada ya taa kuzimwa, kinachodai chakula au fedha kama kiingilio, kinachopiga au kudhalilisha kwa jina la kukaribisha, au mkubwa yeyote, awe kiranja au mtu mzima, anayetaka kuonana na mwanafunzi faraghani na kumwambia asimweleze mtu: hayo si mambo ya klabu, na kuyasema si umbeya. Mweleze matroni au patroni, au mwalimu wa unasihi, au mwalimu yeyote unayemwamini. Asiposikia wa kwanza, mwendee wa pili. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na ingawa simu haziruhusiwi shuleni, mtoto aijue kwa kichwa kabla hajaondoka nyumbani. Mlango wa zahanati na wa mwalimu wa unasihi hauhitaji klabu wala barua. Msichana aliyeishiwa taulo za kike, mvulana asiyelala kwa mawazo ya nyumbani, mwanafunzi aliyefiwa, wote waingie tu.

Wazazi wenzangu, siku ya kutembelea watoto tunauliza umekuwa wa ngapi darasani, tunakabidhi keki na sabuni, tunaondoka. Tuongeze maswali mengine. Wiki hii uliazima kitabu gani? Mwalimu wako mlezi anaitwa nani? Nionyeshe maktaba. Mtoto asiyejua njia ya kwenda maktaba ametuambia jambo, nasi tumwombe mwalimu wa zamu ruhusa ya kwenda kuiona pamoja naye. Katika mkutano wa wazazi tuulize saa za kufunguliwa maktaba na maabara kwa utulivu ule ule tunaoulizia chakula, na tusikilize shida za walimu pia, kwa kuwa pengine kinachokosekana ni balbu mbili na kitasa. Na tusimwondoe mtoto klabu kwa sababu alishuka nafasi mtihani mmoja. Tuzungumze kwanza na mwalimu wa darasa kujua usiku anasomaje.

Walio kidato cha nne na cha sita waachie uongozi mapema, kabla ya mitihani ya mock, na waukabidhi kwa utaratibu. Pangeni jioni moja mbele ya mwalimu mlezi. Wekeni mezani daftari la kumbukumbu, leja ya vifaa, nakala za barua zote na majibu yake, na orodha ya wanachama. Viongozi wa zamani na wapya wahesabu vifaa pamoja, kimoja kimoja, kilichovunjika kiandikwe kimevunjika, kisha pande zote mbili zitie saini na tarehe. Anayeondoka amtambulishe mrithi wake ana kwa ana kwa fundi sanifu, mwalimu wa maktaba na mtunza stoo, kwa sababu imani waliyokuwa nayo kwake haihami kwa karatasi. Na katibu mpya aandike barua yake ya kwanza wiki hiyo hiyo, kwa mwandiko wake, kuomba saa za klabu za muhula unaofuata.